Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Pigano nililokuja kulisomea Guangzhou halikuzidi saa mbili. Ilikuwa karne ya kumi na saba, kwenye kilima kimoja nje ya Praha. Jeshi la Wakatoliki lilipanda, Waprotestanti wakakimbia, na kuanzia hapo nchi nzima ikarudishwa kwenye Ukatoliki kwa nguvu. Viongozi wa walioshindwa walikatwa vichwa, na baadhi ya vichwa vikatundikwa kwenye mnara wa daraja. Watu huniuliza Mchaga anatafuta nini huko, tena akiwa China. Ufadhili ulipatikana huku, basi.

Kilichonishika mimi ni picha. Kabla ya pigano, mtawa mmoja aliokota picha ya Kuzaliwa kwa Yesu ambamo Bikira Maria, Yosefu na wachungaji walikuwa wametobolewa macho. Aliivaa shingoni akawaonyesha makamanda wa Kikatoliki waliokuwa wakisitasita, nao wakaamua kupigana. Katika tasnifu yangu niliandika kwamba waliotoboa macho yale walikuwa watu wenye roho ya jiwe. Niliipenda mno sentensi hiyo.

Aliyenisikiliza kuliko profesa wangu alikuwa mama mmoja wa Kibosho, mfanyabiashara wa viatu, jirani yangu hapa mtaa wa Dengfeng. Mimi ni wa Machame. Nyumbani tunatenganishwa na bonde tu, wao Wakatoliki, sisi Walutheri, na utani hauishi. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimepotea barabara ya Huanshi, nalia kama mtoto, akanichukua kwake akanilisha. Tangu hapo kila Jumamosi nilimbebea begi la sampuli kwenye maduka ya jumla ya Liuhua, viatu vya mguu wa kushoto vitupu.

"Laoban, acha mchezo, tai gui!" alimfokea mwenye duka kwamba bei ni kubwa mno, kisha akanigeukia. "Haya profesa, endelea. Mkatutoboa macho."

"Si sisi, mama. Ni Wakalvini, Waprotestanti wengine."

"Wote ni nyie tu!" Akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka.

Kisha kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali akiwa hawezi kugeuza hata shingo, akisubiri nguvu kidogo ili asafirishwe nyumbani. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimwelewa. Aliomba picha yake ya Mama Maria, iliyokuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, niihamishie ukuta wa mbele, aione kila akifumbua macho.

"Usiitoe, mwanangu."

Nikamwahidi.

Jumapili alasiri kikundi chetu cha maombi kilikuja kumwombea. Watanzania tuliokuwa tukisali pamoja tulikuwa wachache, na tulijiwekea utaratibu kwamba hakuna kuulizana dhehebu. Mkatoliki alikuwa mama peke yake. Kiongozi wetu, kaka mmoja mlokole anayeuza simu, ndiye aliyekuwa akihangaikia safari ya mama. Alipoiona picha alifunga Biblia.

"Dada, mimi siombei mgonjwa mbele ya sanamu. Itoe."

"Ni yake, kaka."

"Basi igeuze tu. Dakika tano."

Wote wakanitazama. Niliwahitaji watu wale, bila wao mama asingefika nyumbani. Lakini niseme ukweli wote: picha ile haikunipendeza hata mimi. Kwetu ukutani tulitundika msalaba mtupu. Nikaigeuza.

Dakika tano zikawa saa nzima na zaidi. Waliimba, wakakemea, wakamwekea mikono. Nilifumbua macho mara moja, nikamwona anatazama mbele moja kwa moja, chozi likimtiririkia sikioni. Nikadhani maombi yamemgusa. Nikafumba tena.

Tuliposema amina, alikuwa ameshakata roho.

"Amekwenda kwa amani," kiongozi akasema. Kabla hata ya kumgusa marehemu nilikimbilia ukutani nikaigeuza picha, kana kwamba bado angeweza kuiona.

Ile sentensi ya roho ya jiwe nimeifuta. Profesa alishangaa, akasema ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote kwenye sura ile. Nilimjibu kwamba sina ushahidi wa roho zao zilikuwaje. Huenda walikuwa watu wa kawaida, wenye haraka, waliotazamwa na wenzao.

Siku iliyofuata kifo, binti wa marehemu alikuwa amepiga simu kutoka Kibosho. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Dada, mama mwishoni alikuwa anaangalia nini?"

"Mama Maria," nikamwambia.

Alilia kwa shukrani, akaniombea baraka, akawatangazia waliojaa nyumbani. Nikasikia wanaanza rozari, sauti nyingi kwa pamoja, na sikuweza kukata simu. Mama yao alikufa akiangalia kadibodi ya kahawia, misumari minne, na kibandiko cha duka la fremu.