Visigino vya Ukoo Wetu

Muuguzi anampaka mwanangu spiriti mkononi kabla ya kumtoa damu, na harufu ile inanirudisha kwa daktari bingwa wa moyo, siku niliyomsindikiza baba kutoka kijijini kwetu Mazingara.

Baba alikuwa na vinundu vigumu visiginoni. Nyumbani tulivionea fahari. Bibi alisema ndiyo alama ya ukoo wetu, watu wa jembe.

Daktari alivibonyeza taratibu. "Mzee, baba yako alifariki ghafla, bado kijana?"

Baba alishtuka. "Alianguka shambani. Nani kakuambia?"

"Visigino vyako. Vinundu hivi ni mafuta yaliyozidi kwenye damu, ndiyo huziba mishipa ya moyo. Mnarithishana."

Nilistaajabu: amemjua babu kwa kugusa mguu tu!

Kisha akapiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, akaushika mguu wangu, akaanza kukibonyeza kisigino.