Jedwali la Sita la Kufukuzia Simba

Wenzangu wengi walifika London kwa ndege: leo wamelala Unguja, kesho wameamkia baridi. Safari yangu mimi ilichukua wiki saba, na sehemu kubwa nilikuwa nyuma ya lori, nimekumbatia masufuria yasigongane. Lori lilitoka Dar es Salaam na Waingereza kumi na wanane, likapita Zambia, Botswana na Namibia mpaka Cape Town, na kila jioni tulipiga mahema porini, katikati ya wanyama. Mwenye lori alikuwa akitafuta mpishi aliyezoea pori. Nikamwambia nimezoea. Mimi ni mtoto wa mjini Unguja, mwenye cheti cha kidato cha nne, na mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kutazamana naye alikuwa punda wa gari la mchanga.

Wageni wale waliacha nyumba za matofali kwao wakaja kulala ndani ya kitambaa, na walifurahi sana. Wakishakula waliosha vyombo, kisha wakasimama duara na kupunga sahani hewani mpaka zikauke, kwa kuwa sheria ya lori ilikataza vitambaa vya kukaushia. Watu wazima, mmoja daktari wa meno, wanapunga sahani kama wanaoagana na meli. Fisi walikaa mbali wakitutazama.

Botswana tulilala kwenye kambi isiyo na uzio. Alfajiri niliamka kabla ya wote, kama kawaida yangu, nisali kisha niwashe jiko. Nilikuwa natia udhu kwa kopo. Nikainua kichwa, nikaona simba jike amesimama kando ya meza yetu.

Miguu ilikataa kukimbia. Mdomo tu ndio uliotii, ukaanza Ayatul Kursi kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena, aya aliyonifundisha bibi yangu kuwa ni kinga ya jini, mwizi na mtihani wa hesabu. Nikaisoma mara tatu. Simba akalamba kikaango cha soseji walichoacha wageni usiku, akanitazama kama mteja anavyomtazama mhudumu aliyechelewa, akaondoka zake.

Zipu za mahema zikafunguka kidogo kidogo.

"Umemwambia nini?" daktari wa meno aliuliza.

"Nimemwambia aende," nikajibu.

Kosa langu lote liko katika maneno hayo. Kabla hatujafika Cape Town nilikuwa mtu anayezungumza na simba kwa lugha ya mababu. Daktari na mkewe, mwalimu mstaafu, wakaniandikia barua ya mwaliko, na nikajikuta Kenton, pembeni mwa London, katika chumba chao cha juu kinachotazama bustani, chenye kitanda kizuri kuliko vyote nilivyowahi kulalia.

Majira ya joto yalipofika nikajua kwa nini nimepewa chumba kile. Watu wa lori walikuja wote na mahema yao, wakayapiga bustanini, ingawa kila mmoja alikuwa na nyumba ya kurudi kwa treni. Wakakaanga soseji. Wakapunga sahani, na jikoni kuna vitambaa sita vikavu. Kisha mke wa daktari akagonga glasi.

"Sasa, yale maneno ya simba!"

Nikamwambia hayasomwi hivi hivi.

"Usione haya, hapa ni kwenu. Wamekuja kwa ajili yako. Chumba kile tulikupa kwa sababu wewe ni sehemu ya safari yetu."

Nikaelewa: nisome, au nitafute pengine pa kulala. Nikatazama bia, nikatazama soseji za nguruwe, nikamwona bibi yangu anakaa kitako kaburini. Nikafumba macho, nikaanza kwa sauti ile ile nzito: "Sita mara moja, sita. Sita mara mbili, kumi na mbili..."

Kwenye sita mara saba mwanamke mmoja alitokwa na machozi.

Nikaendelea hivyo kwa miaka mitatu. Mwaka wa pili waliomba na ya tembo, nikawapa jedwali la tisa. Mwaka wa nne wakamwalika mama mmoja wa Kihindi mwenye duka Kingsbury, awaletee sambusa. Nilikuwa nikinunua dengu kwake muda wote huo, mimi na Kiingereza changu kibovu, yeye na chake. Nilipofika katikati ya kisomo, nikasikia sauti nyuma ya sahani ya sambusa.

"Sita mara nane hamsini na sita? Tangu lini, mwanangu? Kwetu ilikuwa arubaini na nane!"

Kiunguja kitupu. Alizaliwa Unguja, wakaondoka na wazee wake baada ya Mapinduzi.

"Amesema nini?" wageni wakauliza. "Na yeye anaijua?"

"Nimemsahihisha tu," akawajibu, na wote wakapiga makofi.

Jikoni nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza huku akipanga sambusa.

"Na ile aya yenyewe hujawasomea?"

"Wallahi sijawasomea, mama."

"Afadhali. Lakini utazeeka humu, baba, ukiwafukuzia simba Kenton?"

Nikatoka nikawaambia ukweli. Kwamba siku ile niliogopa, kwamba yalikuwa maneno ya sala na simba alifuata soseji, na kwamba miaka yote hii nawasomea hesabu za darasa la tatu. Kisha daktari akatabasamu.

"Mnaona unyenyekevu wao?"

"Kwa hiyo kila namba ina nguvu yake!" akasema yule wa machozi. Akaniomba jedwali la kumi na mbili.

Asubuhi, kwenye chai, mke wa daktari alikuwa na karatasi na kalamu. Kumbe katika yote niliyosema jana, neno moja lilikuwa limemwingia: sala.

"Mwakani tusome ile sala yenyewe. Ndiyo ya asili. Tutaalika mtaa mzima na kukodi kipaza sauti."

"Hiyo hapana, mama."

"Basi chumba itabidi tumfikirie mtu mwingine," akasema kwa upole, kama anayenikaribisha sukari.

Nikapanda juu. Vitu vyangu vilitosha katika begi lile lile la Botswana. Nimehama miji mingi tangu hapo, na bado nakikumbuka kitanda kile. Nilipofika mlangoni nikasimama kidogo, kama tulivyofundishwa mtu anapoanza safari, nikaisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Bustanini waliolala kwenye mahema walikuwa wanapunga sahani za chai ya asubuhi. Mke wa daktari akaniona.

"Ndiyo hiyo?" akaita. "Ongeza sauti, hatusikii!"

Nikafunga geti taratibu, nikaenda kituo cha basi.