Plasta Niliyoikata Kabla ya Mbio za Krismasi

Wenzangu, na hasa ninyi vijana mnaokimbia mbio ndefu, naandika haya nikiwa na miaka sabini na mmoja, nyumbani kwetu Kibosho. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika, ukatoa usaha, ukapona. Nitawaeleza ulivyopona. Nitawaeleza pia nani aliuvunja, kwa sababu jambo hilo nililisemea uongo kwa muda mrefu.

Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, na shule ilikuwa chini. Asubuhi nilishuka mbio kati ya migomba na kahawa, nikiruka mifereji ya maji, na jioni nikapanda mbio. Viatu sikuwa navyo. Hadi leo kahawa ikichanua baada ya mvua, nikaisikia ile harufu, miguu inawashwa. Siku hizo sikujua uchovu ni kitu gani. Akina mama waliokuwa wakitoka kukata majani ya ng'ombe walinipisha njiani na kusema mtoto wa Mama Aloisi atakuja kuanguka shimoni siku moja.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu, hapa hapa mlimani. Mwalimu wa michezo alikuwa Mwalimu Magesa, mtu wa mkoa wa Mara, mrefu, mpole, mwenye saa moja ya mkononi aliyopimia mbio zetu zote. Alinifanya bingwa wa chuo katika mita elfu kumi. Watu walianza kunijua hadi sokoni.

Mwaka wa pili muundi wa kushoto, ule mfupa wa mbele chini ya goti, ulianza kuuma. Mwanzoni uliuma nikishuka tu. Baadaye uliuma hata nikikanyaga sakafu asubuhi. Mwalimu Magesa alinipumzisha majuma matatu. Nikarudi, ukauma tena. Akanipumzisha tena. Mara ya tatu palivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akanipeleka hospitali mwenyewe. Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Nikafungwa plasta ngumu kutoka vidole hadi chini ya goti, nikaambiwa majuma sita. Mwalimu alinitazama akasema, "Aloisi, mwaka huu mbio zimekwisha. Usikimbie hata nyuma ya kuku."

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Ninyi mnajua Desemba kwetu. Kila Mchaga aliyeko mbali anarudi mlimani, magari yanajaa kwenye barabara za vumbi, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, mbuzi wanachinjwa. Siku ya pili ya Krismasi parokia ilikuwa na mbio, kutoka kanisani kushuka hadi sokoni na kupanda tena. Nilikuwa nimeshinda mara mbili. Watu wa Dar walisimama kando ya barabara na kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Mwaka ule nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mguu juu ya gogo. Mama alinipikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kila siku ili mfupa uunge. Kaka yangu Deo, aliyekuwa karani Dar es Salaam, alifika na kunikuta na bakuli mkononi. Mtori ni chakula cha wazazi waliojifungua, naye hakuiacha nafasi hiyo.

"Hongera mzazi," akasema. "Umepata wa kike au wa kiume?"

Wote walicheka, mama pia. Nami nilicheka. Lakini kwa siku tatu kila mgeni aliyeingia aliambiwa aje amwone mzazi, na kila aliyecheka alinipunguza kidogo.

Siku ya Krismasi, wengine walipokwenda misa, nilijikokota hadi kwenye mfereji. Nikauloweka mguu kwenye maji baridi ya mlimani mpaka plasta ikalainika, kisha nikaikata kwa kisu cha majani ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa nyeupe, inabanduka, inanuka. Nikapaka mafuta ya kondoo, nikafunga kitambaa. Mama aliporudi nikamwambia Mwalimu Magesa ameniruhusu. Alitaka kujua lini. Nikasema alituma ujumbe kwamba nikimbie.

Kesho yake nilikimbia. Nilishuka nikiongoza, na uso wa Deo niliuona kati ya watu, hacheki tena. Karibu na sokoni nilisikia mlio kama ukuni mkavu unavunjwa. Nilipotazama chini, mguu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo, na ncha ya mfupa imetoboa ngozi. Deo alinibeba mgongoni hadi kwenye gari. Alilia njia nzima.

Hospitalini walinitia chuma na skrubu. Kidonda kikaoza. Kwa majuma mengi kilitoa usaha wa kijani, na muuguzi alipokisafisha niliuma shuka. Daktari mmoja alisema mbele ya mama kwamba wakishindwa watakata chini ya goti. Hapo ningeweza kusema ukweli. Badala yake niliurudia ule uongo, maana mama alikuwa akilia na mimi niliona aibu. Mama alikwenda chuoni kumshtaki mwalimu kwa mkuu. Mwalimu Magesa akaondolewa kwenye michezo.

Nilipoweza kutembea niliomba uhamisho, nikasema mazoezi ya pale chuoni yangeniua. Nikapelekwa chuo kingine, tambarare, upande wa Mabogini. Na huko nikarudia kosa lile lile. Nilianza kukimbia kwa siri kabla ya muda. Maumivu yakarudi, kidonda kikafunguka. Daktari wa huko, mama mmoja mfupi mwenye sauti ndogo, alisoma karatasi zangu zote kisha akaniuliza:

"Hii plasta ya kwanza nani aliitoa?"

"Mimi."

"Na nani alikwambia ukimbie?"

Nikasema, "Hakuna."

"Basi sasa tunaweza kuanza kutibu," akasema.

Tiba yake ilikuwa kungoja. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Nilitembea kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, mwanzo kwa magongo, baadaye kwa fimbo, baadaye bila kitu. Wakulima walinizoea, wakawa wananisalimia kwa jina. Mwezi wa kumi na moja wa kungoja aliniruhusu kukimbia hatua mia moja. Mwaka wa mwisho nilikimbia mashindano ya vyuo, nikawa wa nne. Mwalimu Magesa alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja, kati ya watazamaji. Sikwenda kumsalimu.

Nilifundisha miaka thelathini na tano kwa mguu huu, na sikumtafuta. Mwaka juzi nilisikia anaishi mahali paitwapo Kwa Sadala, kwa watu wa mkewe. Nilikwenda. Alikuwa kwenye kiti uani, amekonda.

"Shikamoo mwalimu. Mimi Aloisi."

"Marahaba. Mguu je?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Mimi niliacha kabisa kufundisha mbio. Nilijiuliza miaka yote, labda kweli nilisema neno fulani likakutuma, nikasahau."

Baadaye akaniambia nitembee mpaka kwenye uzio na kurudi, anione. Nilitembea. Akasema bado natupa mguu nje, kama zamani nikikimbia.

Namshukuru Mungu kwa mguu huu, na yule daktari, na mama yangu aliyenilisha, na Deo aliyenibeba. Kijana uliyefungwa plasta, iache ikae siku zake zote, acha wakucheke. Mwambie daktari ukweli siku ya kwanza. Na kama umemsingizia mtu, nenda wiki hii. Mimi nilimkuta hai kwa bahati tu, akiwa ameshazeeka na swali lililokuwa langu kulijibu.