Bi Zeina na Mkasi Wake

"Mimi si mtoto wa chekechea!" Bi Zeina alivisukuma vibao vya mazoezi. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto, na mwanawe Samir alishaamua mama asirudi kwenye duka lao la vitambaa, Kariakoo.

Leticia, mtoa tiba kwa vitendo aliyekuwa akimzoeza kuutumia mkono huo tena, hakubishana. Aliona vidole vilevile vilivyogomea vibao vikikunja pindo la mtandio.

"Basi kesho mazoezi tunafanyia dukani, mama."

Dukani, Bi Zeina alikandamiza kitambaa kwa mkono ule dhaifu, akakata kwa wa kulia. Mkasi ukaenda upande. Samir akataka kumpokea mkasi.

"Mama, pumzika."

"Pumzika wewe!"

Leticia akamzuia Samir. Bi Zeina akakata tena.

Mpaka leo anakata mwenyewe, polepole. Wateja wenye haraka anawaelekeza duka la jirani.