Mpunga wa Mtawanya Mbele ya Mizani

Wiki hii nilikuwa barazani kwa karani wa serikali, Kibiti, nikingoja cheti cha njia, maana tangu vita vya Maji Maji vianze hata kwenda kuzika kunataka muhuri. Mbele yangu mama mmoja wa kijiji cha Mtawanya na mumewe walileta pishi kumi za mpunga wa kulisha askari. Amri inasema kila nyumba ijaze kopo la pishi mara kumi, yaani ratili sitini kwenye mizani. Mizani ikasoma arobaini.

"Mmeiba ishirini," karani akasema. "Mume alale chini, apigwe viboko."

Mume akaanza kuvua kanzu. Mama akamshika mkono.

"Ngoja, baba. Bwana karani, sitini ni za mchele. Huu una makapi. Jaza pishi yako mchele, futa juu kwa kiganja, kisha upime."

Karani akapima mchele wa chakula chake mwenyewe: ratili sita. Akapima mpunga kwa pishi ile ile: nne. Akajikuna shingo kwa kalamu.

"Kweli, makapi hayana uzito. Vaa kanzu yako, mzee."

Tukapumua. Naye akachovya kalamu, akaandika, akatusomea: "Kuanzia leo, kila nyumba ilete pishi kumi za mchele."

Kila aliyewahi kushika mchi anajua pishi moja ya mchele hula mbili za mpunga. Mama akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Sijaona serikali ikisahihisha kosa lake upesi namna ile.

Mumewe akaanza tena kuvua kanzu.

"Bwana karani," akasema, "nirudishie viboko vyangu."