Pembetatu Iliyoanguka

Kosa langu la kwanza nikiwa mwalimu lilikuwa kupigilia misumari. Nilitundika maumbo ukutani, juu ambako mikono ya watoto haikufika, nikaamini nimefundisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina cheti. Habari za maumbo nilijifunza mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua sokoni Nakuru, na hadi leo naogopa kwamba kurasa zilizong'oka ndizo zilizokuwa muhimu. Shule yetu ilikuwa Elburgon, ng'ambo ya kiwanda cha mbao. Baba za watoto walifanya kazi huko, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba magogo huko mwaka mzima. Sasa mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kuamua kama nibaki darasani au nirudi kwenye magogo.

Fundi mmoja wa kiwandani alinipa ubao wa mwerezi. Nikakata pembetatu, mraba na duara. Duara nililipiga msasa wiki mbili, nikifumba jicho moja kutafuta palipokosea. Lilianza likiwa kubwa kama sinia, likaishia kama kisosi.

Kila asubuhi nilielekeza fimbo, watoto wakaimba: "Pembetatu! Mraba! Duara!" Mmoja akiomba kushika, nilimwuliza kama amenawa mikono. Kama amenawa, nilimwambia anawe tena.

Mkaguzi alikuja, mzee mpole mwenye kofia. Watoto waliimba vizuri hadi nikajiona nina vyeti viwili. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa pembetatu msumarini, akaigeuza ncha ikatazama chini.

"Na hii ni nini?"

Nikakohoa, kana kwamba jibu lilikuwa kifuani mwangu. Mwishowe msichana wa mbele, binti wa yule fundi, akasema kwa huruma, "Imeanguka, mzee."

"Kabla haijaanguka ilikuwa nini?"

"Ilikuwa pembetatu."

"Na sasa?"

"Sasa mwalimu atakasirika."

Mkaguzi akachukua mraba, akausimamisha kwa pembe moja. "Huo pia umeanguka!" wakapaza sauti wote. Akashika duara, akalizungusha kama usukani wa lori.

"Hilo haliwezi kuanguka," msichana akamweleza. "Mwalimu alilitengeneza vizuri."

Mzee alicheka hadi akavua kofia. Mimi nilikuwa tayari nasikia uzito wa gogo begani.

"Mwalimu," akaniambia tulipotoka nje, "hawa wanajua ukuta wako. Nitarudi mwisho wa muhula. Nikikuta wanajua maumbo, utabaki."

Siku hiyo hiyo niling'oa misumari. Nikaweka vipande sakafuni na kufunga mikono nyuma ili nisije nikaviokota. Binti wa fundi aliviringisha duara hadi mlangoni, likagonga jiwe, likabonyea. Mwenzake aliuma ncha ya pembetatu hadi ikakatika.

"Sasa ina pembe ngapi?" nikamwuliza.

Akaitazama vizuri. "Tatu. Moja imeliwa."

Kitabu changu kingesema nne. Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Nadhani hilo ndilo jambo gumu zaidi nililofanya mwaka ule, magogo yakiwemo.

Mwisho wa muhula mkaguzi alirudi, akashika kipande kile kilichoumwa, akakigeuza chini juu. Safari hii watoto ndio waliocheka.

"Mzee, ni pembetatu tu, hata ukiilaza!"

"Na huku?" akauliza, akionyesha pembe iliyokosekana.

"Huko mtu alikuwa na njaa."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akanipa mkono. Nikabaki.

Bado sina cheti, na bado napiga msasa vitu kupita kiasi. Lakini siku hizi watoto hushika kwanza, jina hufuata baadaye, na ukuta wangu hauna kitu ila matundu matatu ya misumari.