Mkwe Ndiye Mwenye Sindano

Jamani, sikilizeni haya.

Leo nimekimbizwa hospitali, chumba cha dharura, hapa Shinyanga, mguu umechanika vibaya. Pazia likafunguliwa. Daktari ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Kabula!

Nikakumbuka Tinde, miaka ya hamsini, nikiwa mtoto.

Bibi, mzaa mama, alijikata mguu kwa jembe. Damu haikatiki. Tukambeba hadi zahanati. Dresa wa kushona vidonda alikuwa mmoja tu: baba yangu.

Na enzi zile mama mkwe na mkwe hawatazamani wala kusemeshana, sembuse kugusana!

Bibi akagoma. "Bora nife."

Mama analia. Mimi nimeganda mlangoni, naangalia sakafu inavyolowa damu.

Baba hakubishana. Akatoka nje, akamwagiza mama amfunike bibi shuka, kichwani mpaka magotini. Ndipo akaingia, akashona. Hata pole hakumpa.

Bibi akapona.

Sasa leo mkwe wangu kashika sindano, jasho linamtoka, hathubutu kuniangalia. Kumbe anaogopa kuliko mimi!

Nyie mngefanyaje?

Mimi nilivuta kanga, nikajifunika uso.

"Shona, baba. Na pole kwa kazi."